Barua ya wazi kwa waendesha mashtaka, majaji na mawaziri wa sheria: mpimeni mtuhumiwa akili, msimhesabie miaka

Kwenu Waheshimiwa waendesha mashtaka, majaji na mawaziri wa sheria, nyote mnaokalia mafaili ya vita,

YAH: WATUHUMIWA WA UHALIFU WA KIVITA WALIOZEEKA, NA MAFAILI YAO YANAYOFUNGWA KIMYAKIMYA

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za kazi. Naanza na shikamoo makusudi kabisa, maana barua hii ni juu ya wazee na sitaki mtu aje aseme huyu kwao hakufunzwa adabu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeandika barua 3 za faragha kwa ofisi moja ya mwendesha mashtaka, siitaji, wenyewe wanajijua. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nikaambiwa imepokelewa, basi. Ya tatu nikaletewa sentensi 2, kwamba kutokana na umri mkubwa wa mtuhumiwa na muda mrefu uliopita ofisi haioni tija ya kuendelea na shauri, na kwamba tunatakiwa kila la heri. Kila la heri! Ndo nikasema hapana, hili sasa tuliongelee mbele za watu.

Zile barua sikuandika kwa ajili yangu. Niliandika kwa niaba ya bibi mmoja, jina lake silitaji wala anakotoka sipaandiki kwa usalama wake, ana miaka 86, macho yamepungua nguvu kwa hiyo yeye anasema mimi nachapa. Kaka zake 2 walichukuliwa usiku wakati wa vita na hawakurudi. Aliyesimama mlangoni na karatasi akisoma majina anamjua, anajua mpaka sauti yake, alikuwa mtu wa kusalimiana naye kila siku kabla mambo hayajaharibika. Nilipomsomea yale majibu akakaa kimya kidogo halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani huyo bwana ana miaka mingapi sasa?" Nikamwambia 88. Akasema, "Amenizidi 2 tu. Mbona mimi hakuna aliyeniambia nimezeeka, nipumzike kungoja?"

Sikuwa na jibu. Basi nawaletea nyie swali lake, pamoja na hoja zangu moja moja, na visingizio vyenu nimevitia humohumo maana nimevizoea.

1. Huo umri wa kustaafu kushtakiwa mmeutoa wapi?

Mimi si mwanasheria lakini kusoma najua. Kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1968 unaosema uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu haufi kwa kupitwa na muda. Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kifungu cha 29, unasema hivyohivyo. Ujerumani mwaka 1979 wakafuta kabisa ukomo wa muda kwenye mauaji, na walijua wanachokifanya, walikuwa na watu wao wa enzi za Wanazi mitaani. Halafu huo mkataba wa Roma, kifungu cha 26, umeweka umri wa chini, yaani aliyetenda kosa akiwa hajafika miaka 18 mahakama hiyo haimgusi. Umri wa juu haukuwekwa. Waliokaa kuuandika walikaa na wakafikiria habari ya umri, wakaandika wa chini, wa juu wakauacha, kwa hiyo mtu akiniandikia "umri mkubwa wa mtuhumiwa" kama vile ni kifungu cha sheria namuuliza tu, kifungu namba ngapi?

Kilichopo kwenye sheria ni kitu kingine, ni uwezo wa mtu kuifuata kesi yake. Hilo nakuja nalo mbele na nalikubali kwa mikono miwili. Ila ni kitu tofauti na umri na nyie mnavichanganya, sijui kwa kutojua au kwa kujua sana.

2. Huo uzee mmeutengeneza nyie wenyewe

Hapa naomba mnivumilie nitakuwa mrefu, maana hapa ndo panaponiuma.

Hissène Habré, rais wa Chad aliyetesa na kuua watu wake, alipinduliwa Desemba 1990 akakimbilia Senegal. Alikuwa mwanaume wa miaka 48, mzima wa afya. Wahanga wakapeleka malalamiko Dakar mwaka 2000. Mahakama za Senegal zikasema hazina mamlaka, Ubelgiji ikamtaka, Senegal ikakataa, ikapelekwa Umoja wa Afrika, ikarudishwa, kesi ikapigwa danadana mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague mwaka 2012 ikaiambia Senegal imshtaki bila kuchelewa zaidi au imtoe kwa anayemtaka. Kesi ikaanza Julai 2015 na tarehe 30 Mei 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Keshafika miaka 73. Hiyo 25 iliyoongezeka hapo katikati ni ya nani? Aliila nani? Wakati anaila, na wahanga nao walikuwa wanazeeka, na wengine walikufa kabla hawajaitwa kusema neno moja. Habré mwenyewe akafa Agosti 2021 kwa korona akiwa bado mfungwa.

Hiyo ndo kesi iliyofanikiwa jamani. Tazameni na nyingine. Oskar Gröning alikuwa SS, kikosi cha Wanazi wa Ujerumani, pale Auschwitz, kambi yao ya kuulia watu, kazi yake ilikuwa kuhesabu pesa walizonyang'anywa watu wanaoshushwa kwenye treni. Waendesha mashtaka wa Frankfurt walishamchunguza na mwaka 1985 wakaachana naye. Mwaka 2005 yeye mwenyewe akajitokeza BBC anasimulia aliyoyaona, maana alikuwa anachukia watu wanaosema Auschwitz haikutokea. Yaani mtu anajitaja kwenye televisheni, hajifichi, jina ni lake na sura ni yake, na bado ikachukua miaka 10 mingine. Julai 2015 akahukumiwa miaka 4 kwa kusaidia mauaji ya watu 300,000, akiwa na miaka 94, na akafa Machi 2018 hajaingia hata mlango wa gereza. Kwa nini walichelewa? Kwa sababu kwa miaka mingi mahakama za kule zilitaka uonyeshe mkono wa mtu huyu ulimuua mtu yule, na kwenye kambi ya kuulia watu kwa maelfu kwa siku hilo utalionyeshaje? Mambo yalikuja kubadilika Mei 2011 na hukumu ya John Demjanjuk mjini Munich, pale waliposema aliyekuwa mlinzi kwenye kambi ambayo kazi yake pekee ni kuua, alisaidia kuua. Sheria ya kusaidia mauaji ilikuwepo siku zote, waliokosa ni watu wa kuisoma hivyo, wamekuja kuisoma hivyo miaka 66 baada ya vita kuisha.

Na Lumumba je? Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, alikuja kukiri mwenyewe kwamba alishiriki kuiangamiza miili yao, na kwamba alibaki na meno. Akafa mwaka 2000 na hakuna aliyemsomea shtaka lolote. Jino moja likarudishwa kwa familia Juni 2022. Familia ilifungua malalamiko Brussels mwaka 2011 wakitaja Wabelgiji 10, na kufikia Juni 2025 mwendesha mashtaka wa Ubelgiji anaomba kesi iende mahakamani alikuwa amebaki hai mmoja tu, Étienne Davignon, aliyekuwa mwanadiplomasia kijana wakati wa mauaji, sasa ana miaka 92 kufikia Juni hiyo, ambaye alikana tuhuma na alikuwa na haki zote za kukana, mimi simhukumu hapa. Ila 9 wamekwenda wakati faili linasogezwa kutoka meza hii kwenda meza ile.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Hizi zetu ni miaka arobaini, hamsini, sitini, na zikitimia mnatuambia mwizi sasa ni mzee wa watu muacheni.

Mkopaji akikwepa kulipa miaka 30 hawezi kuja kusema deni lifutwe kwa sababu lina miaka 30. Mbona hilo kila mtu analielewa?

3. Mnachanganya mahakama na jela

Kila nikizungumza habari hii mtu ananiambia, "sasa unataka mzee wa miaka 95 alale kwenye sakafu ya gereza?" Hapana, sijasema hivyo, wala bibi hajasema hivyo. Kushtakiwa ni kitu kimoja na kufungwa ni kingine, na huruma yenu yote ina mahali pake pazuri sana kwenye adhabu.

Josef Schütz alihukumiwa Juni 2022 akiwa na miaka 101, alikuwa mlinzi kwenye kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen, wakampa miaka 5. Hakulala gerezani hata siku moja, alikuwa anasubiri rufaa, akafa Aprili 2023. Irmgard Furchner, aliyekuwa karani wa mkuu wa kambi ya Wanazi ya Stutthof, alihukumiwa Desemba 2022 akiwa na miaka 97 kwa kusaidia mauaji ya zaidi ya watu 10,500, na kwa kuwa wakati ule alikuwa na miaka 18 na 19 wakamshtaki kwenye mahakama ya vijana, bibi wa miaka 97 kwenye mahakama ya vijana, wakampa kifungo cha nje cha miaka 2. Erich Priebke, afisa wa SS, alishiriki kuwaua watu 335 kwenye mapango ya Ardeatine, Roma, mwaka 1944, Italia ikampa maisha mwaka 1998, akaitumikia nyumbani Roma mpaka akafikisha miaka 100. Nyumbani! Wengine tungependa hata sisi.

Kwa hiyo hakuna anayetupwa shimoni. Kinachotafutwa ni kile kinachotokea kabla ya adhabu, pale karani anaposimama anasoma majina ya waliokufa na mshtakiwa anatakiwa asikilize. Kule Itzehoe, Ujerumani, kesi ya Furchner ilikaa zaidi ya mwaka, alikuwa kimya karibu wakati wote, mwishoni akasema anasikitikia yote yaliyotokea na anajuta kwamba alikuwa Stutthof wakati ule. Ni maneno machache, unaweza kusema ni ya kukwepa, mimi pia naona hivyo. Lakini yamesemwa mbele ya jaji na yameandikwa. Bibi wangu hajapata hata hayo.

(Na kabla sijasahau, huyohuyo Furchner siku ya kwanza ya kesi, Septemba 2021, ana miaka 96, aliondoka asubuhi kwenye nyumba ya kulelea wazee akapanda teksi akatoroka. Polisi wakamkamata baada ya saa kadhaa. Mtu anayeweza kupanga safari ya kuikimbia mahakama anaweza na kukaa mahakamani, mimi naona.)

4. Ugonjwa upimwe na daktari, tena tuone

Hapa nakubaliana nanyi kuliko mnavyodhani. Mtu ambaye akili imeondoka, hajui yupo wapi, hakumbuki wakili wake ni nani, kumweka kizimbani ni ukatili na hakumsaidii yeyote. Mahakama ya Kambodia ilimwachia Ieng Thirith kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, aliyekuwa waziri wa Khmer Rouge, utawala wa Pol Pot ulioua watu wake kule Kambodia, na sina neno. Mahakama ya Yugoslavia ya zamani kwenye kesi ya jenerali Pavle Strugar mwaka 2004 ilishaweka vizuri tu mambo ya kuangalia: anaweza kujibu mashtaka? Anaelewa anachoshtakiwa? Anaufuata ushahidi? Anaweza kumwelekeza wakili wake, anaelewa matokeo ya kesi, anaweza kutoa ushahidi akitaka? Hakuna hata moja linalouliza umezaliwa lini. Strugar mwenyewe akaonekana anaweza, kesi ikaendelea, akahukumiwa.

Shida yangu ni huruma isiyopimwa, au inayopimwa chumbani halafu tunaambiwa tu matokeo. Pinochet, dikteta wa zamani wa Chile, alikamatwa London Oktoba 1998, na mwanzoni mwa 2000 Jack Straw, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, akasema kwa ripoti ya madaktari huyu hawezi kushtakiwa. Ripoti ikawa siri mpaka Ubelgiji na makundi ya haki za binadamu wakaenda mahakamani kudai ionyeshwe kwa nchi zilizokuwa zinamtaka. Machi 3 mwaka 2000 akatua Santiago kwenye kiti cha magurudumu, akashushwa, akainuka akatembea kuwasalimia majenerali wake mbele ya kamera. Akaishi karibu miaka 7 mingine, akafa Desemba 2006 hajahukumiwa kwa lolote. Ufaransa nao wakamtoa Maurice Papon, afisa aliyesaidia kuwapeleka Wayahudi kwa Wanazi, gerezani 2002 kwa afya, alitoka anatembea kwa miguu yake, akaishi zaidi ya miaka 4. Ndo maana mkisema "afya" watu wanaguna, si kwamba hatuna moyo.

Na uwezo wa mtu haupimwi kwa mzima au mfu tu, kuna katikati. Demjanjuk alisikiliza kesi amelala kwenye kitanda, vikao 2 kwa siku vya dakika 90. Schütz aliletewa mahakama karibu na kwake, kwenye ukumbi wa michezo Brandenburg an der Havel, ili asisafirishwe. Kwa hiyo inawezekana, akitakiwa.

Sasa Kabuga, hili ndo gumu kwangu. Félicien Kabuga, alituhumiwa kufadhili RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari, na Interahamwe, wanamgambo walioua, mwaka 1994 Rwanda, akakana mashtaka. Alikuwa anatafutwa tangu miaka ya 1990, Marekani iliweka zawadi ya dola milioni 5, akaja kukamatwa tarehe 16 Mei 2020 Asnières-sur-Seine, pembeni ya Paris. Kesi ilianza Septemba 2022 kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa kule The Hague, vikao vifupi, Juni 2023 majaji wakasema madaktari wameona akili yake haiwezi tena kufuata kesi. Wakapendekeza njia ya kati, ushahidi uendelee kusikilizwa bila ya kumtia hatiani. Agosti 2023 majaji wa rufaa wakasema hapana, sheria yetu haina kitu hicho, kesi ikasimamishwa bila mwisho. Mimi nakubali hakuwa wa kuhukumiwa. Ila mashahidi waliojiandaa kwa miaka karibu 30, wanakwenda na ushahidi wao wapi? Ile njia ya kati haikuwa wazimu. Uingereza wana sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1991, mshtakiwa akionekana hawezi kufuata kesi jopo linasikiliza kama kitendo kilifanyika au hakikufanyika, hatiwi hatiani, hapewi adhabu ya jela, lakini ukweli unakuwa umesikilizwa. Mngeandika kifungu kama hicho mapema, wakati wote huo mliokuwa mnamtafuta, leo tusingekuwa hapa.

5. "Alikuwa mdogo tu, alitumwa"

Inawezekana, na mwambieni jaji. Bruno Dey alikuwa mlinzi Stutthof akiwa na miaka 17, mahakama ya Hamburg mwaka 2020 ililiona hilo ikampa kifungo cha nje cha miaka 2. Hiyo ndo kazi ya mahakama, kupima nani alituma na nani alitumwa. Ofisi ya mashtaka ikipima yenyewe kimyakimya halafu ikafunga faili, inakuwa imemsamehe mtu kwa niaba ya waliokufa, na sijui nani aliwapa hiyo kazi.

Nakiri hata hivyo kuna kitu kinanikera, kwamba mara nyingi mnaowafikia ni makarani na walinzi wa getini, wakati mabosi walikufa vitandani na pensheni zao. Kinanikera kweli. Lakini jibu lake ni kuwahi mabosi, si kuwaacha na hawa.

6. "Ushahidi umechakaa"

Hiki ndo kisingizio pekee ninachokiheshimu. Kumbukumbu ya mtu inachuja kama nguo. Huyo huyo Demjanjuk, Israel ilimhukumu kifo mwaka 1988 baada ya manusura kusema ndiye mlinzi mkatili wa kambi ya Treblinka waliyemwita Ivan wa Kutisha, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Israel ikamwachia kwa sababu ushahidi mpya ulionyesha huenda alikuwa mtu mwingine kabisa. Watu walikuwa wakweli na bado huenda walimkosea. Kesi ya Munich baadaye ilikuwa ya kambi nyingine, Sobibor, na iliegemea zaidi makaratasi, na hata hiyo alikufa Machi 2012 rufaa haijaisha, kwa hiyo kisheria haikukamilika.

Na Oktoba 2025, Belfast, yule askari wa Uingereza anayeitwa Soldier F, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya Jumapili ya Damu, siku askari walipowapiga risasi waandamanaji kule Derry, Ireland ya Kaskazini, Januari 1972, jaji alimwachia huru kwa sababu ushahidi haukutosha. Familia zilingoja miaka 53 kwa ajili ya hilo. Inauma. Lakini angalau jaji alikaa akasikiliza akatoa sababu zake hadharani, kila mtu anaweza kuzisoma na kuzipinga. Nikiletewa jibu la namna hiyo nitalikubali huku nalia. Sentensi 2 na kila la heri siwezi.

Tena mkumbuke, makaratasi hayazeeki kama sisi. Mafaili ya polisi wa siri wa Habré yalikutwa N'Djamena mwaka 2001 yametupwa sakafuni, yakatoa majina ya watu 1,208 waliouawa au kufia kizuizini. Majina, waheshimiwa, yameandikwa na wauaji wenyewe. Huyo bwana wa bibi naye alikuwa na karatasi mkononi ule usiku. Kuna mtu aliiandika, ilipigwa mhuri mahali, ipo kabati fulani au ilichomwa. Mmewahi kuitafuta? Kwenye zile sentensi 2 sikuona.

7. "Gharama" na "tusonge mbele"

Mahakama ya Kambodia ilitumia zaidi ya dola milioni 330 na ikatia hatiani watu 3 wa Khmer Rouge, mmoja wao Nuon Chea akafa 2019 rufaa yake haijaamuliwa, ya Khieu Samphan ikaisha Septemba 2022 ana miaka 91. Ni pesa nyingi sana, kweli. Lakini utawala wa Pol Pot uliangushwa Januari 1979 na mahakama ilianza kazi 2006. Deni ukilikalia linazaa.

Na kusonga mbele, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayesema tusonge mara nyingi hana aliyemwacha nyuma.

Sasa tunachoomba, na si kikubwa:

Kwanza, neno "umri" lisitumike peke yake kufunga faili lolote la uhalifu wa kivita. Kama ni ugonjwa semeni ugonjwa, apimwe na madaktari wasiochaguliwa na upande mmoja, na wahanga waruhusiwe kutafuta daktari wa pili. Siri za mwili wake mfiche, sawa, lakini tuambieni ameshindwa kipi katika yale maswali ya Strugar.

Pili, akiwa hafai kushtakiwa kuwe na kikao cha kusikiliza ushahidi bila adhabu. Wabunge wenu waandike hicho kifungu, nchi zipo za kuiga.

Tatu, na hili haliwezi kusubiri lolote: mashahidi warekodiwe SASA, kwa kiapo, wakili wa mtuhumiwa akiwepo na akiuliza maswali yake, ili hata kesi ikija baadaye ushahidi uwe halali. Mmetumia muda mwingi sana kuhesabu miaka ya mshtakiwa, hesabuni na ya shahidi.

Nne, mkifunga faili tupeni sababu za maana, na mtuambie tukate rufaa wapi.

Sijaomba afungwe. Bibi pia hajaomba, nilimuuliza akacheka, akasema, "Nimfunge nimlishe nani? Nataka aulizwe wako wapi, basi. Mimi nikaishike hiyo sehemu."

Barua zetu 3 zina anwani, ipo juu upande wa kulia, haijabadilika. Mkimtuma mtu wa kuchukua maelezo aje asubuhi, maana bibi asubuhi ndo ana nguvu na anakumbuka mpaka rangi ya mlango, ikifika saa 8 mchana anachoka na kuanza kuchanganya. Vikao 2 vya dakika 90, kama mlivyomfanyia Demjanjuk, vitamtosha.

Wenu kwa heshima,

Mchapaji wa zile barua 3